Patisheni iliyoharibika si diski iliyokufa

Wiki hii mama mmoja wa Kadutu ameniletea diski yenye picha za harusi ya binti yake, akiwa ameshaambiwa na fundi wa kwanza: «Mama, patisheni imekufa, na picha zimekufa nayo.» Nimelisikia neno patisheni likitumiwa hivyo mara nyingi mno hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na karibu kila mara kuna mtu anayekubali diski yake ifomatiwe, yaani iandaliwe upya kana kwamba haina kitu, na hivyo anapoteza kitu ambacho hadi dakika ile kilikuwa bado kipo.

Patisheni ni sehemu ya diski iliyowekewa mpaka ili kompyuta iishughulikie kana kwamba ni diski inayojitegemea. Ndiyo sababu chombo kimoja unachokishika mkononi huweza kuonekana kwenye skrini kama C na D. Maana yake ni hiyo tu, na kinachotupoteza ni kudhani kwamba mpaka na kilichomo ndani ya mpaka ni kitu kimoja.

Neno hili lina asili yake katika Kilatini: pars ni sehemu, partiri ni kugawa, na partitio ni tendo la kugawa. Kwa asili yake, basi, neno hili halitaji kitu kilichohifadhiwa bali mgawanyo. Tunaye hata ndugu yake tunayemtaja kila siku bila kumtambua, nalo ni neno parsele, yaani kiwanja, kwani parcelle ya Kifaransa imetoka katika pars hiyohiyo kupitia umbo lenye maana ya kijisehemu. Sidhani kuna mfano ulio bora kuliko huo kwa mtu wa Bukavu. Parsele ya mtaa wa Bagira ina ardhi na nyumba iliyojengwa juu yake, ina mawe ya mipaka, na ina mstari katika daftari la ofisi ya ardhi unaosema inaanzia wapi na kuishia wapi. Daftari likiloa mvua na wino ukafutika, mwenye nyumba ana taabu ya kweli, na pengine asiweze kuuza wala kudai, lakini nyumba yake haijabomoka na vyombo vyake vimo ndani. Akiambiwa siku hiyo kwamba nyumba haipo tena, akakubali tingatinga lipite ili kiwanja kipimwe upya, hapo ndipo hasara yenyewe inapotokea.

Katika diski, daftari hilo huitwa jedwali la patisheni, na udogo wake hushangaza. Katika mpango wa zamani uliokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, jedwali zima huchukua baiti 64 ndani ya sekta ya kwanza, yaani kipande kidogo cha kwanza cha diski, yenye baiti 512: mistari minne ya baiti 16, kila mmoja ukieleza aina ya patisheni, mahali inapoanzia na urefu wake. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika hapo, jambo ambalo sisi hatuhitaji kusimuliwa, baiti hizo 64 zinaweza kuharibika huku mamia ya mabilioni ya baiti zinazofuata yakiwa hayajaguswa. Mpango mpya zaidi, ule wa GPT, huweka nakala mbili za jedwali, moja mwanzoni mwa diski na nyingine mwishoni kabisa, kwa sababu waliouunda walijua kwamba daftari ni kitu cha kupotea.

Ndani ya kila patisheni kuna daftari la pili, yaani mfumo wa faili, ambao hueleza kila faili ina jina gani na imelazwa katika sekta zipi. Huu nao unaweza kuharibika peke yake. Windows inaposhindwa kuusoma, huandika kwamba ni lazima diski ifomatiwe kabla ya kutumiwa. Maneno hayo yanaeleza kushindwa kwa programu kusoma, lakini watu huyasoma kama agizo la daktari, wakabonyeza ndiyo.

Kitenzi kutengeneza nacho kina sehemu yake katika hasara hii, kwa sababu ndicho mteja anachokitumia afikapo dukani. Tengeneza ni kufanya kitu kitengenee, yaani kikae sawa. Diski iliyofomatiwa hakika inakaa sawa: inafunguka, inapokea faili mpya, haigomi tena. Fundi aliyeambiwa «nitengenezee diski» amefanya alichoombwa, na sina sababu ya kumwita mwongo. Kuokoa ni kazi nyingine, na mara nyingi inakwenda kinyume na kutengeneza, maana kutengeneza huandika juu ya diski na kuokoa hukataza kuiandika hata baiti moja.

Anayeokoa huanza kwa kunakili diski nzima, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Programu ya ddrescue hufanya hivyo kwa busara: huchukua kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi, kisha hurudi kwenye yale magumu. Juu ya nakala hiyo, TestDisk, programu huria ya Mfaransa Christophe Grenier, hutafuta alama za mwanzo wa kila mfumo wa faili na kulijenga upya jedwali kutokana na alama hizo. Ikishindikana, PhotoRec, ambayo ni ya mtu huyohuyo, huacha madaftari yote na kutafuta faili kwa sura zao. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti tatu zilezile popote ilipo. Picha hurudi bila majina wala folda, na zile zilizokuwa zimetawanyika vipandevipande huenda zisirudi nzima.

Ipo diski iliyokufa kweli, na sitaki mtu apewe tumaini la bure. Ile inayogongagonga ndani inapowashwa ina ugonjwa wa mwili. Programu haitaiponya, na kila dakika inapozunguka huzidi kujiumiza, kwa hiyo izimwe. Fomati kamili katika Windows tangu toleo la Vista huandika sifuri kila mahali, na baada yake hakuna cha kutafuta, tofauti na fomati ya haraka ambayo hubadilisha daftari tu. Na diski za SSD, zile zisizo na kitu kinachozunguka ndani, zikishaarifiwa kwamba sekta fulani hazitumiki, zinaweza kuzifuta zenyewe kimyakimya.

Kwa hiyo, mama, na ndugu msomaji, siku diski itakapokataa kufunguka, ichomoe, uipeleke kwa fundi bila kubonyeza chochote, na umwombe hivi: «Niokolee faili zilizomo, diski yenyewe tutaishughulikia baadaye.» Naye fundi, kabla ya kutamka kwamba patisheni imekufa, aseme kile alichokiona: jedwali halisomeki, au mfumo wa faili umeharibika, au chombo chenyewe hakizunguki.