"Nalima tu": tabaka na namna tunavyojiona Nyanda za Juu Kusini

Uwemba, nje kidogo ya mji wa Njombe, tuna jirani anayelima viazi mviringo. Amejenga kwa viazi, anasomesha kwa viazi. Ukimwuliza kazi yake atakujibu, "Sina kazi mwanangu, nalima tu." Kijana wake ni mwalimu wa kujitolea, posho yake haifiki hata robo ya mavuno ya mama, lakini pale nyumbani yeye ndiye "mwenye kazi".

Hiyo "tu" ina gharama. Mchuuzi akija na lori na kudai gunia lishonewe kilemba juu, yaani lumbesa ambayo sheria ya vipimo inaikataza, mama habishani. Anajiona hana sauti mbele ya mtu wa biashara. Tabaka hukaa hapo, katika namna mtu anavyojitaja, na tunapolijadili tunabeba dhana nyingi zisizo kweli.

Dhana: Tanzania haina matabaka, sote ni ndugu.

Chanzo cha dhana hii ni cha heshima. Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba jamii zetu za jadi hazikugawanyika kitabaka, na Azimio la Arusha la Februari 1967 likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Nauthamini sana urithi huo. Mpaka leo mkurugenzi wa miaka arobaini humpa shikamoo fundi viatu mzee, na haoni kwamba amejishusha.

Lakini masharti yale yaliwekwa kwa sababu tabaka lilikuwa linaota. Watu walikwisha kuwaita "naizesheni" maofisa waliorithi viti na nyumba za Wazungu. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likayalegeza masharti hayo. Hata zamani za kale hazikuwa tambarare: Uhehe wa Mkwawa ulikuwa na mtwa, yaani mtawala mkuu, ulikuwa na vanzagila walioshika maeneo kwa niaba yake, na chini kabisa walikuwapo mateka wa vita waliolima mashamba ya wengine.

Dhana: Wasichana wa Iringa wameumbiwa kazi za ndani.

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Dar es Salaam watu husema "nitafutie dada wa Iringa" kama vile wanaagiza mchele wa Kyela. Husifiwa kuwa ni mtulivu, mchapakazi, hajibu. Sifa hizo hupewa kabila: Mhehe yuko hivi, Mbena yuko hivi.

Ukweli ni kwamba hakuna kabila lenye damu ya utumishi. Kuna historia ya nani alipelekwa wapi kufanya kazi. Wakati wa ukoloni mashamba makubwa ya mkonge yalikuwa Tanga na Morogoro, karibu na reli. Huku kwetu kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, ilhali vijiji vingi vilikuwa mbali na barabara nzuri na soko la mazao. Fedha ilibidi ifuatwe mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua, na wanaume wa Iringa, Njombe na Songea wakasafirishwa kwa maelfu. Kila mmoja alitambuliwa kwa namba, ndipo likazaliwa neno "manamba". Wanyakyusa wengi walishika njia nyingine: dhahabu ya Lupa kule Chunya, na machimbo ya shaba ya nchi ambayo leo ni Zambia. Wanawake walibaki na majembe na watoto.

Babu yangu alikuwa manamba. Neno hilo hakulitamka hata siku moja. Alisema, "Nilikuwa Tanga." Nilikua nikidhani alikwenda kutembea.

Kwa hiyo njia ya kuondoka Nyanda za Juu kwenda kuuza nguvu ilikuwa imekwisha kuchimbwa kabla binti wa leo hajapanda basi pale Makambako. Anaondoka kwa sababu nyumbani pamepungua kitu: sare, mbolea, matibabu ya bibi. Akifika kwa mwajiri, umaskini wake unabadilishwa jina, unaitwa kabila. Mbaya zaidi, akiambiwa kila siku kwamba watu wa kwao ndivyo walivyo, naye huanza kuamini. Lakini binti wa mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga naye ni Mhehe, na sijasikia mtu akimtazama akawaza deki.

Wakinga wamekutana na upande wa pili wa kosa hilohilo. Asili yao ni Makete, milima mikali yenye baridi, na leo maduka yao yako Mwanjelwa, Makambako mpaka Kariakoo. Watu wananong'ona kuhusu ndagu, yaani uchawi wa kutafutia utajiri, wakati jambo lenyewe liko wazi machoni: kijana huja mjini kwa ndugu mwenye duka, hukaa naye miaka akijifunza kazi, kisha hupewa mtaji wa kuanzia. Uchawi unasingiziwa kazi iliyofanywa na nidhamu na ukoo.

Dhana: Tabaka ni pesa.

Pesa ni sehemu tu. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1920, alitenganisha hali ya kiuchumi ya mtu na heshima anayopewa na jamii, na ukitembea Mbeya utaona alichomaanisha. Mwalimu mstaafu mwenye pensheni ndogo huitwa "mwalimu" mpaka anazikwa. Mwenye malori matatu husemwa, akigeuka tu, kwamba hajasoma.

Mji wenyewe unasema. Wakoloni waligawa makazi kwa rangi, na Mbeya bado ina Uzunguni na Uhindini. Wazungu waliondoka, jina likabaki, na siku hizi kinachokutenganisha ni kipato na urefu wa ukuta. Aliyekulia ndani ya ukuta huo huitwa "mtoto wa geti". Wa nje ni mtoto wa uswahilini, awe Mswahili au asiwe.

Watoto hulijua hili mapema sana. Shule ya msingi ya serikali wameibatiza "Sent Kayumba", na mtoto wa darasa la nne anaweza kukuambia "sisi ni wa Sent Kayumba" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupangiwa nafasi yake. Mwenzake wa inglishi midiamu huenda hata hesabu hamshindi, lakini anajibu wageni bila kuinamisha kichwa.

Dhana: Ukisoma, umelihama tabaka lako.

Unahama nusu. Nawajua watu wenye digrii ambao simu ya mama ikiita ofisini hutoka hadi kwenye ngazi kuipokea, kwa sababu Kibena hakizungumzwi pale ndani. Kijijini mtu huyohuyo huitwa bosi na huwekewa kiti cha peke yake msibani. Mjini wenye geti humsikia lafudhi na kumjua papo hapo. Huku ada za wadogo zake zinamngoja kila Januari. Yuko katikati, na katikati hapana jina.

Mimi pia nimesimama hapo. Nilipojiunga na kidato cha kwanza, fomu iliuliza kazi ya mzazi. Niliandika "hana". Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, kucha zikiwa bado na udongo wa palizi. Aliisoma, akanyamaza, akatia sahihi. Nilidhani amekubali. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba muda ule alikuwa akihesabu kichwani ni magunia mangapi yaliyolipa ile ada.