Pesa za umma na ajira za wenye kipato cha chini: maneno ya watu na hali halisi

"Wape pesa, watazila tu." Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na wanaoisema huisema kwa uhakika wa kushangaza. Kaskazini mwa Uganda jambo hili lilipimwa. Mwaka 2008 serikali iligawa ruzuku kwa vikundi vya vijana. Waombaji walizidi fedha, ikabidi wa kupewa wapatikane kwa bahati nasibu. Kila mmoja aliangukiwa na kama dola 382, bila mtu wa kumsimamia anavyotumia. Wengi walilipia mafunzo ya ufundi na kununua vifaa vya kazi: huyu cherehani, yule randa na misumeno. Baada ya miaka minne kipato chao kilizidi cha wenzao waliokosa kwa asilimia 38.

Hapo wapenzi wa ruzuku huishia kusoma. Lakini watafiti walirudi baada ya miaka tisa wakakuta waliokosa wamewafikia waliopata kwa kipato, ingawa hawa walibaki na mali zaidi. Kwa hiyo ruzuku iliwatanguliza wenye bahati; haikuwaacha mbele daima.

"Mradi umezalisha ajira 1,000." Ukisikia hivyo, uliza: za siku ngapi? Watu 1,000 wakichimba mitaro kwa siku 100, hizo ni siku-kazi 100,000. Mfanyakazi wa kudumu hufanya kazi kama siku 250 kwa mwaka, kwa hiyo kazi yote hiyo inalingana na ya watu 400 wa mwaka mzima. Si uongo, ila si ajira 1,000 kama msikilizaji anavyozielewa. Uliza pia fungu la mishahara ni kiasi gani. Sheria ya India ya mwaka 2005, iliyoahidi kila kaya ya kijijini siku 100 za kazi kwa mwaka, ilitaka angalau asilimia 60 ya gharama iende kwenye ujira, mitambo isije ikala pesa za vibarua.

"Kazi zenyewe ni za kuegemea koleo." Mzaha huo ni wa zamani. Wamarekani waliwatania hivyohivyo vibarua wa WPA, mpango wa serikali wa kazi za umma wa 1935 hadi 1943 ulioajiri watu kama milioni 8.5. Uwanja wa ndege wa LaGuardia, New York, ni kazi ya mikono yao.

"Serikali ikiajiri, inaua ajira binafsi." Hofu hii ina mantiki, sikatai: kibarua akipata pengine pa kwenda, mwenye shamba atalazimika kumwongezea ujira. Ila katika jimbo la Andhra Pradesh, malipo ya mpango ule wa India wa siku 100 yalipohamishiwa kwenye kadi za alama za vidole, pesa zikaacha kuchelewa na kuvuja kama zamani, ajira binafsi hazikupungua. Ujira wa soko ulipanda, na zaidi ya robo tatu ya nyongeza ya kipato cha kaya maskini ilitoka nje ya mradi wenyewe. Ujira rasmi wa mradi kwenye karatasi haukuguswa. Kilichobadilika ni kwamba kibarua alipoambiwa atalipwa, alilipwa, naye akaweza kumwambia mwenye shamba: ongeza, la sivyo naenda kule.