Lalamiko la Mteja Nalo ni Taarifa Binafsi

Mteja akiandika kwamba mzigo wake umechelewa, mwenye biashara huona mzigo tu. Ndani ya ujumbe huohuo mna jina, namba ya simu, anwani ya nyumbani na pengine kumbukumbu ya malipo. Vyote vinalindwa na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, iwe ile ya Kenya ya mwaka 2019, ya Tanzania ya mwaka 2022 au ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika 2018. Baadhi ya nchi huzipunguzia biashara ndogo masharti kama ya kujisajili, lakini wajibu wa kutunza siri za watu unabaki palepale.

Hatari kubwa iko kwenye jitihada za kusuluhisha. Mfanyakazi anapiga picha ya skrini na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la kazini: "Nani alimhudumia huyu?" Kundini bado yumo mtu aliyeacha kazi zamani. Au mteja amelalamika hadharani mtandaoni, na mwenye biashara, kwa hasira, anamjibu hapohapo kwamba deni lake halijaisha. Hata kama ni kweli, deni la mtu halitangazwi. Mjibu kwa ufupi kwamba umelipokea lalamiko, kisha mmalizane faraghani.

Kabla ya kutoa taarifa yoyote kwa simu, hakikisha unayezungumza naye ndiye mwenyewe. Anayejua jina na namba ya oda anaweza kuwa mwenzi wake au mtu anayemfuatilia. Hata hivyo, usikimbilie kudai nakala ya kitambulisho, maana utakuwa umejiongezea kitu kingine cha kulinda. Mara nyingi inatosha kukata simu na kumpigia kwa namba aliyoiacha aliponunua.

Yapo pia malalamiko yasiyotaja sheria kabisa. "Namba yangu mmeitoa wapi?" ni ombi la kisheria kama yalivyo mengine, na kwa Umoja wa Ulaya lina muda wa mwezi mmoja kujibiwa. Anayesema "acheni kunitumia matangazo" asifutwe tu kwenye orodha, kwani namba yake ikiingizwa tena kesho ataanza kuyapokea upya. Weka namba hiyo peke yake kwenye orodha ya wasiotumiwa. Akitaka ufute kila kitu, nawe unalazimika kutunza risiti kwa ajili ya kodi, mweleze hivyo waziwazi, kisha ufute yaliyobaki.

Simu yenye namba za wateja ikiibwa, saa zinahesabiwa. Kenya na Umoja wa Ulaya hutoa saa 72 za kuiarifu mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi pale wahusika wanapoweza kudhurika, na hesabu huanza unapogundua, si uchunguzi unapokamilika. Wengi huteleza hapo: wanasubiri wajue kila kitu kwanza.

Daftari la malalamiko ni muhimu, ila liwe jembamba: tarehe, shida, anayeshughulikia na uamuzi. Weka pia muda wa kufuta kumbukumbu hizo. Na katika jibu lako la mwisho, mwambie mteja anaweza kwenda kwenye mamlaka hiyo asiporidhika. Wenye biashara wengi huogopa kuandika sentensi hiyo, ilhali haki hiyo anayo hata usipoitaja.