Goti la Betty Robinson

Kila nikimtaja mkimbiaji Mmarekani Betty Robinson mazoezini, kuna kijana atadakia: "Si yule aliyetiwa kwenye buti la gari, kocha?" Ndiyo, ndiye. Juni 1931 alipanda ndege ndogo ya binamu yake karibu na Chicago, ikaanguka. Inasimuliwa kwamba mtu aliyewakuta alimdhania marehemu, akampakia kwenye buti na kumpeleka kwa mtayarisha maiti. Ni habari tamu kusimulia. Mimi kwa kazi yangu ya kunoa wakimbiaji wa masafa mafupi, kinachonishika ni goti.

Lakini kwanza mjue alikuwa nani kabla ya ajali. Alizaliwa 1911 huko Riverdale, Illinois, na hakuna aliyemfundisha kukimbia. Siku moja mwalimu wake, Charles Price, alimwona akilikimbilia treni, akaenda kumpima kwa saa kwenye korido ya shule. Machi 1928 akashiriki mashindano yake ya kwanza. Julai 31 mwaka huohuo alikuwa Amsterdam kwenye fainali ya mita 100, Olimpiki ya kwanza kuwaruhusu wanawake kushindana riadha. Ana miaka 16! Wenzake wawili, Myrtle Cook wa Kanada na Leni Schmidt wa Ujerumani, waliiwahi bastola mara mbili wakatolewa. Betty akatulia mstarini, akashinda kwa sekunde 12.2, akimzidi Fanny Rosenfeld. Hivyo bingwa wa kwanza wa Olimpiki wa mita 100 kwa wanawake ni mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa na miezi minne tu ya mashindano.

Sasa turudi kwenye goti. Ajali ilimvunja mguu na mkono. Mguu ulipona mfupi kidogo kuliko mwenzake, na goti likakataa kukunjika sawasawa. Olimpiki ya 1932 ikampita.

Kwa mtu wa kawaida goti gumu ni kero ya kupanda ngazi. Kwa mkimbiaji wa mita 100 ni mlango uliofungwa, na sababu iko pale mstarini. Unapiga goti moja chini, vidole nyuma ya chaki. Ukiambiwa "tayari" unainua kiuno kupita mabega, goti la mbele likiwa limekunjwa karibu nyuzi 90. Bastola ikilia, kinachokurusha ni kule kunyooka kwa magoti. Goti ambalo halikukunjika halina cha kunyoosha. Enzi hizo hata vyuma vya kukanyagia havikuwapo kwenye Olimpiki; kila mtu alijichimbia vishimo vyake kwa koleo dogo kwenye njia ya majivu ya makaa. Angeweza kuanza wima, sawa, lakini wenzake wangekuwa wameshamwacha kabla hajakolea.

Mbio za kupokezana vijiti ndizo zilizomwokoa. Katika 4x100, yaani wakimbiaji wanne, kila mmoja mita 100, anayeinama ni wa kwanza peke yake. Hao watatu wengine hungoja wakiwa wima, huanza kuchanganya mwendo kabla kijiti hakijafika, na hukipokea tayari wako kasi. Mkimbiaji asiyeweza kuinama lakini kasi bado anayo, hapo ana kazi. Kwa hiyo kwenye Olimpiki ya Berlin, Agosti 1936, Marekani ilimpanga wa tatu: Harriet Bland akaanza, Annette Rogers akafuata, Betty akachukua kona ya pili, na mwisho akasimama Helen Stephens, bingwa wa mita 100 wa michezo hiyohiyo.

Wajerumani walikuwa wameweka rekodi ya dunia, sekunde 46.4, kwenye mchujo, na katika fainali waliongoza waziwazi hadi makabidhiano ya mwisho. Hapo Ilse Dörffeldt akaangusha kijiti. Marekani ikamaliza kwa 46.9 na dhahabu ikawa yao.

Nawasikia wanaosema waliokota ushindi. Kupokezana ni sehemu ya mbio, jamani. Ndiyo maana tunarudia makabidhiano mpaka watoto wananichukia. Betty alipokea kijiti chake, akapita nacho kwenye kona kwa mguu ule, akakifikisha mkononi mwa Stephens. Baada ya Berlin aliacha kukimbia, ila uwanjani aliendelea kurudi kama mwamuzi na mshika saa.