Kitambaa cha Othello si muhuri wa uaminifu

Mswada mwingine umeingia, na huu nao una kitambaa. Mwanamke wa Tanga, mume mwenye wivu, rafiki mnafiki, na kitambaa cheupe chenye maua mekundu kinachodondoka ukurasa wa pili. Ukurasa wa tatu mume anakiinua na kutangaza kwamba hiki ndicho alama ya penzi letu. Pembeni mwandishi ameniwekea maelezo: hapa nimetumia ishara ya Shakespeare. Hujatumia ishara, ndugu yangu. Umeazima kitambaa.

Silaumu sana, maana shuleni ndivyo tulivyolishwa. Njiwa ni amani, nyekundu ni hatari, kitambaa cha Desdemona, mke wa Othello, ni uaminifu. Andika hivyo, chukua alama zako mbili, nenda swali linalofuata. Kwa mtihani yatosha. Kwa mtu anayetaka kuandika ni sumu, kwa kuwa anaamini maana imo ndani ya kitu, na kwamba kitu kikihama nayo itakifuata nyuma kama mkia.

Haya, tukifuate chenyewe. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Othello, jemadari Othello amempa mkewe Desdemona kitambaa; Iago, askari wake, anamchochea aamini kwamba mke huyo ana uhusiano na Cassio, luteni wake, hadi anamuua. Tendo la tatu, onyesho la tatu: Othello analalamika kichwa kinamuuma, mkewe anatoa kitambaa amfunge, mume anasema ni kidogo mno, kinaanguka. Kinapotea kwa sababu mke alikuwa akimhudumia mumewe. Katika kisa cha mwandishi wa Kiitaliano Cinthio cha mwaka 1565, alikochota Shakespeare, mambo yalikuwa mengine kabisa: Disdemona amembeba mtoto mdogo wa yule mwovu, Iago wa kisa hicho, na baba mtu anakichomoa kitambaa kiunoni mwake. Wizi wa kawaida, kama wa kwenye daladala. Shakespeare akaufuta wizi na mahali pake akaweka huruma. Ukitaka kuiba kitu kutoka kwa Shakespeare, iba uamuzi huo.

Kisha kinaanza kutembea. Emilia, mhudumu wa Desdemona, anakiokota, anawaza kwanza atoe nakala ya darizi, lakini anaishia kumpa mumewe, Iago, aliyekuwa akimsumbua kwa muda mrefu akiibe. Iago anakitupa chumbani kwa Cassio. Cassio hajui ni cha nani. Amependa darizi, anampa Bianca, mpenzi wake, amtolee nakala kabla mwenyewe hajakidai. Bianca anahisi harufu ya mwanamke mwingine na kumrudishia kwa matusi, huku Othello akichungulia mafichoni. Nakala haishonwi hadi mwisho wa tamthilia. Na katika mzunguko huo wote hakuna hata mmoja wa hao anayekitazama akaona uaminifu! Emilia anaona njia ya kumfurahisha mume, Cassio anaona kazi nzuri ya sindano, Bianca anaona hawara, Iago anaona silaha.

Na Othello? Amekiona kwa macho yake mwenyewe, kisha anamgeukia Iago kumuuliza kama kile kilikuwa chake. Mwenye mali anamuuliza yuleyule aliyekitupa kule!

Kitambaa kile ni bubu, na ububu huo ndio unaofanya kazi yote. Kwa kuwa hakisemi, Iago anakisemea: anadai amemwona Cassio akijifutia nacho ndevu. Mhakiki Thomas Rymer alikejeli mwaka 1693, akauliza kwa nini basi tamthilia isiitwe tanzia ya kitambaa. Alidhani anatukana.

Kuna mawili ambayo vitabu vya mwongozo huyaruka, na mimi mwenyewe sijayamaliza. La kwanza: kitambaa kinapoanguka, Othello anasema kiachwe, au labda anakisema kichwa chake kiachwe, maneno yanakubali yote mawili. Kama alikiona kikianguka, mbona baadaye anamwandama mkewe akilete? Nimesikia maelezo mengi, yote yana tundu. La pili: awali anasema mama yake alikipata kwa mwanamke Mmisri mwenye uganga, tena kimefumwa kwa nguvu za kichawi, lakini mwishoni, Desdemona akiwa ameshakufa, anasema baba yake ndiye aliyempa mama yake. Alimdanganya mkewe ili kumtisha? Au kalamu iliteleza? Naegemea uongo, lakini kwa siku mbaya nashuku kalamu. Hata hivyo faida kwa mwandishi ni ileile: hata mwenye kitu hana hadithi moja ya kitu chake.

Sasa ya kwetu. Achana na kitambaa. Chukua hotipoti. Bibi harusi kapewa na mama mkwe, na chini yake kachora alama kwa rangi ya kucha, kama vyombo vyote vinavyoazimwa msibani. Jirani anaiazima kwenye arobaini, inapelekewa mtu chakula, inabaki huko, na mwenye nyumba hiyo ni yule ambaye mume hatakiwi kumtembelea. Kila mkono umeipokea kwa sababu halali. Hakuna aliyeiba. Siku mama mkwe anaiona juu ya meza isiyo yake, anaigeuza, anaitazama alama. Nyamaza hapo. Usimpe sentensi ya kueleza. Msomaji anayemjua Othello atamsikia, asiyemjua hatapungukiwa na chochote.

Mnaoniuliza kama kanga haiwezi kuchukua nafasi ya kitambaa: ndiyo, najua inavutia, tena ni vazi letu. Tatizo langu ni kwamba kanga imekwishaandikwa. Ina jina lake pale chini, inasema kabla hujaipa kazi, na mwandishi mvivu anaiacha imalizie hadithi: mke mwenza anapita na kanga ya mafumbo, ugomvi, basi. Mwenzangu mmoja ananipinga, anasema maandishi ya kanga ndiyo yanayopindishwa kuliko yote, kwa kuwa daima kuna swali la nani amelengwa, na labda hakuna aliyelengwa. Hoja yake ina nguvu kuliko ninavyopenda. Ukijaribu, chagua jina la upole kabisa, la dua au shukrani kwa mama, na asiwepo mhusika hata mmoja wa kulisoma kwa sauti.