Je, wajua kwa nini nishani za askari hukosekana kwenye faili lake?

Karatasi imekunjwa mara nne, na pale mikunjo inapokutana pametoboka tundu dogo la kupita punje ya mtama. Ni cheti cha kuachishwa jeshi cha babu mzaa mama. Kuna namba yake ya askari, kuna alama ya dole gumba kwa wino uliogeuka kahawia, kuna kikosi chake: Batalioni ya 4 ya King's African Rifles, ile ya Uganda, katika jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki ambalo wazee waliliita Keya. Tarehe ya kuachishwa ni Machi 1945, sababu ni jeraha la mguu. Chini kabisa kuna mahali pa kujaza nishani. Hapo karani alichora mstari mmoja ulionyooka.

Mama alikua akiuchukia mstari ule. Baba yake alipigana Burma (Myanmar ya leo), au Bama kama wazee wa Keya walivyotamka, akarudi Bombo akichechemea mpaka siku alipozikwa, na waliomtuma wakasema kwa mstari mmoja kwamba hakupata kitu. Mama alipoandika mara ya kwanza kuulizia, ofisi moja ilimjibu kwa sentensi mbili: tumeangalia, hakuna nishani iliyorekodiwa. Mimi ndiye niliyemsomea barua. Aliinuka akaenda jikoni, hakusema neno hadi jioni.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba karani yule hakumdhulumu babu. Siku aliyochora mstari alikuwa anasema kweli. Nyota ya Burma, nishani wanayostahili waliopigana kule, ilitangazwa Mei 1945. Babu alipokabidhi sare yake Machi, nyota hiyo haikuwapo duniani. Nishani ya Vita 1939–1945, ambayo askari aliipata kwa siku 28 tu za utumishi, ikatangazwa Agosti mwaka huohuo. Karani hawezi kuandika kitu ambacho hakijazaliwa, na babu alipokwisha kupanda lori kurudi nyumbani, hakukuwa na mtu mwenye kazi ya kulifungua tena faili lake.

Hapo ndipo penye jibu, na ndipo familia nyingi hukata tamaa kabla hazijafika. Faili la askari husimama siku anayotoka jeshini. Nishani huendelea kuja nyuma yake, mwaka mmoja, miwili, hata ishirini. "Haikurekodiwa" na "hakustahili" ni maneno mawili tofauti kabisa, ila kwenye barua ya ofisi yanasomeka kama neno moja.

Na nyota zilipokuwa tayari, Uingereza haikumpelekea kila mtu ya kwake mlangoni. Askari aliyekwisha kuachishwa alitakiwa aombe mwenyewe kwa fomu. Waingereza wenyewe, tena wengi, hawakuomba. Wapo ambao wajukuu zao wanaziomba leo. Sasa mfikirie mtu wa Arua au Kitgum aliyejifunza Kiswahili kambini, Kikeya kile cha amri na mizaha, asiyejua kusoma Kiingereza, yuko shambani kwake mwaka 1948. Fomu hiyo angeisikia kwa nani?

Halafu kuna majina. Ofisa Mzungu aliandika alichosikia. Farajallah anakuwa Faraj Alla ukurasa wa kwanza na Ferigala wa pili. Okello anapoteza "l" moja. Mwingine aliandikishwa kwa jina la nyumbani, akabatizwa au akasilimu akiwa jeshini, akaachishwa kwa jina jipya. Anayetafuta kwa jina hukuta watu watatu ambao ni mtu mmoja, au hamkuti kabisa. Ndiyo maana wenye uzoefu na karatasi hizi huanza na namba ya askari. Namba haina lahaja. Kama kwenu kuna kikaratasi chochote chenye namba ya mzee, hata kama kimeliwa na mchwa nusu, kitunzeni kuliko picha yake.

Waliotangulia kizazi cha babu walifanyiwa vibaya zaidi. Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia angalau 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Wengi walikuwa wapagazi, wale waliobeba risasi na unga kutoka huku kwetu mpaka kusini ya Tanganyika. Kwa mtu asiyeandikwa hata kufa kwake, hakuna faili la kurekebisha. Nalitaja hili kwa sababu kila mara ninapowasaidia majirani na karatasi hizi, hutokea mmoja anayeuliza habari za baba wa babu, na huwa sina la kumpa.

Usidhani lakini kwamba tatizo hili ni la Afrika peke yake. Tarehe 12 Julai 1973, jengo la kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani mjini St. Louis lilishika moto. Yaliteketea mafaili kati ya milioni 16 na 18, yakiwemo karibu asilimia 80 ya yale ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Tangu hapo, mzee wa Marekani anayedai nishani yake hujengewa upya historia kutoka pembeni: orodha ya mishahara, kitabu cha hospitali, taarifa za kila asubuhi za kikosi chake. Mwanajeshi hupita sehemu nyingi zenye vitabu, na vitabu hivyo haviungui vyote siku moja.

Basi hurekebishwaje?

Lililotufungulia sisi njia ni hili: nishani za kushiriki vita hazipimi ushujaa. Zinapima mahali na tarehe. Mama, katika barua yake ya kwanza, aliandika kurasa mbili za jinsi baba yake alivyokuwa jasiri, alivyombeba mwenzake mgongoni akivuka mto. Maneno ya kweli, nayaamini yote, lakini hayakuwa na pa kuingia kwenye fomu. Swali la ofisi ni moja: kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945, askari huyu alikanyaga Burma na kikosi chake kazini? Kwa askari wa nchi kavu, siku moja inatosha. Kukaa Ceylon (Sri Lanka ya leo) mazoezini hakuhesabiwi kwa nyota hiyo hata kama alikaa mwaka mzima.

Kwa hiyo barua ya pili haikusema habari za ujasiri. Ilisema batalioni. Ya 4 ya Uganda ilikuwa katika Brigedi ya 21, nayo brigedi ilikuwa chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilitoka Ceylon katikati ya mwaka 1944, ikawafuata Wajapani kwa kushuka Bonde la Kabaw wakati wa masika yao, mvua isiyokatika, matope hadi magotini na malaria, na tarehe 2 Desemba 1944 ikaingia Kalewa kando ya mto Chindwin. Historia hiyo haihitaji faili la babu. Imo katika shajara za vita ambazo kila batalioni iliandika siku kwa siku, na zinahifadhiwa Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Cheti kilithibitisha kwamba babu alikuwa mtu wa batalioni ile, shajara ikathibitisha batalioni ilikuwa wapi. Kilichobaki ni kuziunganisha tarehe, na hapo jeraha lenyewe likawa shahidi: alijeruhiwa mwezi uleule batalioni ilipokuwa Chindwin.

Jeraha lilisaidia kwa jambo la pili. Nyota ya 1939–45 huhitaji miezi sita ya kazi ya vita, na babu hakuifikisha. Lakini kanuni husema aliyekatizwa na kifo au jeraha hadaiwi siku zilizobaki. Familia nyingi hazilijui hilo, zinahesabu siku za mzee wao, zinakuta pungufu, zinaacha.

Nishani za ushujaa ni habari nyingine, na sitaki kumpa mtu matumaini ya bure. Hiyo haitokani na mahali wala tarehe. Ofisa aliyeona alitakiwa aandike pendekezo wakati uleule, likapanda ngazi kwa ngazi, na likikubaliwa likatangazwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza. Mapendekezo ya vita ile yapo Kew pia, na jina likiwemo, kazi imekwisha. Kama hakuna aliyeandika, hadithi ya mto na mwenzake mgongoni inabaki kwetu sisi watoto na wajukuu.

Kuna wanaokasirika kwamba ofisi hudai karatasi kwa wazee wa miaka tisini. Nimekasirika nao. Hata hivyo sisi Waganda tunao mfano wa kwa nini zinadaiwa. Idi Amin alidai alipigana Burma. Kumbukumbu zinaonyesha aliandikishwa mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Baadaye alipokuwa rais akajivika nishani kifuani apendavyo, ikiwemo moja iliyoigiza Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Kila nishani anayovaa asiyeistahili inamfanya yule mzee wa kweli wa Kabaw aulizwe maswali mara mbili.

Na mambo haya hayakuishia kwa Waingereza. Jeshi la Keya lilipokwisha mwaka 1962 tukawa na Uganda Rifles, kisha Jeshi la Uganda, kisha UNLA, jeshi lililoingia Amin alipoondolewa mwaka 1979, kisha NRA, jeshi la msituni la Museveni, mwaka 1986, na UPDF, jeshi la sasa, tangu 1995. Kila jeshi lilipoingia kambini lilikuta ofisi za lile lililotimuliwa, na karatasi za adui si kitu ambacho mshindi hukilinda. Hao NRA walipokuwa wakipigana msituni hawakuwa hata na ofisi. Tarehe 6 Februari 1981 walipovamia kambi ya jeshi ya Kabamba, siku ile tunayoiadhimisha kama Tarehe Sita, walikuwa na bunduki 27. Hapakuwa na karani wa kuandika nani alisimama wapi.

Tena kisa cha ule mstari kikajirudia hapahapa nyumbani. Nishani ya Luwero, kwa waliopigana msituni, na ya Kagera, kwa waliopigana kumwondoa Amin, hutolewa chini ya Sheria ya Heshima na Nishani za Taifa ya mwaka 2001. Upunguzaji wa jeshi ulianza 1992. Askari aliyerudishwa uraiani mwaka ule, cheti chake hakikuweza kuzitaja. Ninawajua wanaume wanaoitazama gwaride ya Tarehe Sita kwenye televisheni ya duka, wakihesabu vifuani mwa wenzao walioendelea na kazi nishani ambazo na wao walizipigania, na wanaamini walisahauliwa kwa makusudi. Kwao hakuna shajara ya Kew. Kilichopo ni kamanda aliyewaongoza na wenzao wa kikosi kimoja, na hao wanazeeka. Ushahidi wao unafaa uandikwe sasa, kwa jina kamili, jina la msituni, kikosi, kamanda, mahali na mwezi, utiwe sahihi na wawili au watatu waliokuwapo, kabla ya kuulizwa na ofisi yoyote.

Jambo moja lilimshangaza mama, nalo ni kwamba cheti cha zamani hakifutwi. Alitaka ule mstari ukwanguliwe. Kwa kawaida majeshi hayafanyi hivyo. Hata Marekani, cheti cha kuachishwa kiitwacho DD-214 kikiwa na kosa, hutolewa karatasi ya pili, DD-215, inayotaja kilichoongezwa, na zote mbili hukaa pamoja. Mwombaji anapewa miaka mitatu tangu kuligundua kosa, ingawa bodi yao ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi inaweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki. Nawaambia hili wazazi wa Kampala na Masaka wenye vijana katika jeshi lile: mtoto akiachishwa, akisome cheti mstari kwa mstari kabla hajakitia sahihi.

Kwa nishani za Uingereza ambazo hazijawahi kutolewa, ndugu wa karibu wa marehemu anaweza kuomba. Kwetu alikuwa mama, mtoto wa kwanza. Kisanduku kilikuja kidogo, kina uzito kuliko nilivyotarajia. Nyota ina pembe sita, rangi ya shaba, na utepe wake ni wa bluu iliyokolea wenye mstari mpana mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa kila upande. Mama aliigeuza nyuma kutafuta jina la baba yake. Hakuna. Uingereza haikuchonga majina kwenye nyota za vita ile. Ya babu haina tofauti na inayouzwa mnadani.

Kwa hiyo barua iliyokuja na nyota ndiyo yenye jina lake, na namba yake, na safari hii herufi zote zimekaa sawa. Mama ameiweka ndani ya bati la biskuti, chini yake cheti chenye mstari, juu yake nyota imefungwa kwa kipande cha kanga ya bibi.