Triari wa Roma hawakuwa wazee wa kulinda mizigo

Ukiutazama mchoro wa lejioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi, ya Roma ya karne ya 3 KK, utaona mistari mitatu ya askari wa miguu: vijana mbele, waliokomaa katikati, na nyuma kabisa wakongwe walioitwa triari. Mchoro huo umewapotosha wengi. Mtu akiona "nyuma", haraka huhitimisha "dhaifu".

Dhana: Waliwekwa nyuma kwa sababu walikuwa wazee waliochoka.

Uzee wenyewe unatiwa chumvi. Raia wa Roma alidaiwa utumishi wa vita kabla hajatimiza miaka 46, kwa hiyo triari wa kawaida alikuwa mtu wa makamo aliyekwisha kuionja vita mara kadhaa. Hesabu za Polybius, mwanahistoria Mgiriki, zinaonyesha thamani yake. Katika lejioni ya watu 4,200, mistari miwili ya mbele ilikuwa na watu 1,200 kila mmoja, na triari walikuwa 600 tu. Hatari ikizidi, lejioni ilikuzwa hadi kufika 5,000. Makundi mengine yaliongezwa, triari wakabaki 600 walewale. Vijana zaidi wangeweza kukusanywa mashambani. Mtu aliyenusurika vita vingi hakusanywi hivyo.

Ni kweli walilinda mizigo mara nyingine, na kambini walipewa zamu ya kuangalia farasi wa jeshi kila siku, wasije wakanasa miguu kwenye kamba au kuikata na kutoroka. Kwa kazi hiyo walisamehewa kuwatumikia matribuni, maofisa wa lejioni. Sioni dharau hapo. Farasi akiumia leo, kesho jeshi limepungukiwa mpanda farasi.

Dhana: Kazi yao ilikuwa kusubiri maafa.

Hii imetokana na msemo wa Warumi wenyewe: mambo yamefika kwa triari, yaani hali imekuwa mbaya. Lakini msemo ni msemo, na uwanja wa vita ni kitu kingine.

Tazama jinsi walivyosubiri. Livius, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia kwamba triari walipiga goti, mguu wa kushoto ukiwa mbele, ngao zimeegemea begani, na mikuki yao mirefu imesimikwa ardhini kwa mshazari. Mtu aliyepiga goti hakurupuki kwenda mbele kwa jazba, wala hawezi kurudi nyuma bila kusimama kwanza, na wenzake wakamwona. Kwa kamanda, hiyo ni nguvu aliyoiweka akiba hadi saa anayoitaka mwenyewe.

Mwaka 340 KK, katika vita dhidi ya Walatini, majirani wa Roma, karibu na mlima Vesuvius, konsuli (mtawala mkuu wa mwaka) Manlius Torquatus alitumia saa hiyo kwa ujanja. Walatini walipigana kwa mpangilio uleule wa Kirumi, na walijua triari maana yake nini. Manlius akapeleka mbele askari wa daraja la chini waliokuwa nyuma kabisa. Walatini wakadhani ndio triari, wakawatoa wa kwao. Triari hao wa Walatini walipokwisha kuchoka na mikuki yao kuvunjika au kubutuka, Manlius akawaambia triari halisi wainuke.

Huko Zama mwaka 202 KK, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, jemadari wa Roma, Scipio, hakusubiri maafa yoyote. Adui yake Hannibal, jemadari wa Karthago, alikuwa amewaweka wakongwe wake wa vita vya Italia mstari wa tatu, bado wana nguvu zao. Scipio akausimamisha mstari wake wa mbele, akawaleta triari na wale wa katikati pembeni kulia na kushoto, wote wakawa mstari mmoja mrefu. Wakongwe wakakabili wakongwe, hadi wapanda farasi wa Scipio, chini ya Laelius na Masinissa, waliporudi na kuwapiga watu wa Hannibal kwa nyuma.

Dhana: Julius Caesar alikuwa na triari.

Hapana. Wakati wake mpangilio ule ulikuwa umekwisha, na vikosi vyote vilibeba silaha za aina moja. Uzoefu sasa ulikaa katika lejioni nzima zilizopigana pamoja kwa miaka.

Dhana: Wakongwe walishinda kwa ukali na makelele.

Farsalo, Ugiriki, mwaka 48 KK. Pompeius, mpinzani wa Caesar katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliwaamuru watu wake wasimame tu, ili askari wa Caesar wakimbie umbali wote peke yao na kufika wakitweta. Hao walipoona adui hasogei, walisimama katikati ya njia bila amri ya mtu, wakavuta pumzi, kisha wakaendelea na shambulio. Kuruta hathubutu kufanya hivyo.

Miaka mitano baadaye, Caesar akiwa amekwisha kuuawa, wakongwe wake walipambana wao kwa wao karibu na Mutina, Italia, lejioni ya Martia ikiwa upande mmoja na watu wa Antonius, aliyekuwa jemadari wa Caesar, upande wa pili. Mwanahistoria Appianus anasema hawakupiga ukelele wowote, kwa kuwa hakuna ambaye angemtisha mwenzake. Wakichoka waliachana kidogo, wakapumua, wakarukiana tena. Makuruta waliambiwa wakae kando wasije wakawaharibia kazi.

Dhana: Aliyemaliza muda wake alipewa kazi nyepesi.

Baada ya maasi ya mwaka 14 BK kwenye mto Rhine, waliotimiza miaka 16 ya utumishi waliahidiwa kuondolewa kazi zote za jeshi isipokuwa moja: kumrudisha adui nyuma. Walibaki chini ya bendera yao wenyewe. Maana yake ilionekana Afrika Kaskazini mwaka 20 BK. Kikosi kizima cha Kirumi kilikimbia mbele ya watu wa Tacfarinas, kiongozi wa waasi wa huko, na kamanda wake akauawa. Watu hao walipoishambulia ngome ya Thala, walikuta wakongwe wasiozidi 500. Wakongwe wakawatawanya.